Msuluhishi Ambaye Hakuna Aliyemtaka

Kuna watu wakipenda kitu wanacheka, wengine wanakikumbatia. Seremala akipenda kitu anakipiga teke. Nenda naye ghala la mbao utaona. Akikuta ubao mkavu, umenyooka kama rula, hauna hata jicho moja la kulalamikia, hapo hapo uso wake unajikunja kama aliyeonjeshwa dawa. Ataugonga kwa ncha ya kiatu. Atasema huu ulilala mvuani. Ataulizia ule mwingine uliopinda kule kona, atausifia, ataupapasa, na mwenye ghala akishachanganyikiwa na bei ikishateremka, ndipo atasema haya basi, nifungie hii hii takataka niende zangu. Miaka thelathini amenunua mbao kwa mtindo huo, na mbaya zaidi ni kwamba ulimfaa.

Sasa shemeji yake naye alikuwa wa kiwanda hicho hicho. Huyu alikuwa fundi wa makochi, watu wakamwita Sponji, na jina likamkaa mpaka mkewe mwenyewe akawa anamwita hivyo. Mkewe ndiye mdogo wake Seremala, wa tumbo moja. Sponji akitaka kitambaa dukani anakisogeza mpaka puani, anakinusa, halafu anakirusha mezani kama kimemuuma. Ukiwaona wawili hao wametoka kununua vitu vya kazi, ungedhani wametoka msibani.

Walikuwa na karakana moja, mlango mmoja mpana wa bati unaofunguka barabarani. Seremala anaunda fremu, Sponji anajaza na kuvalisha. Miaka kumi na tisa hivyo, chai kwenye chupa moja, redio moja, na kelele za mashine ya randa ya Seremala, jitu la chuma lililofungwa kwa bolti nne kwenye zege pale mbele, karibu na mlango. Zege lenyewe alilimwaga kwa mikono yake, na alama ya kiatu chake ilibaki mle.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya daktari wa meno. Daktari huyu alitaka makochi manne ya chumba cha kusubiria wagonjwa, rangi ya maziwa. Sponji akayashona vizuri sana, akayapanga, akatoka kwenda kutafuta karatasi ya nailoni ya kuyafunika. Kidogo tu alichelewa. Seremala kwa upande wake alikuwa na mbao kumi za kupiga randa, akili yake iko kwenye mbao, akawasha mashine. Vumbi likapanda hadi kwenye paa, likafikiri, likashuka. Daktari alipokuja akapitisha kidole kwenye kochi la kwanza, akakitazama kidole, akasema ahsanteni, akaondoka.

Sponji akasema kuanzia leo wewe na hilo lijini lako mhamie nyuma. Seremala akasema mashine haihami, anayeogopa vumbi ahamie nyuma yeye na matambara yake. Hilo neno matambara ndilo lililoharibu. Sponji akamjibu kwamba bila hayo matambara, viti vya Seremala vingekuwa vya kukalia mbuzi. Ikaendelea hivyo wiki nzima, mara ikafika kwenye harusi ya zamani na nani hakuchangia, na wiki ya pili Sponji akafungua kesi.

Jaji aliyewapata alikuwa mama mmoja mchovu, mafaili yamepangwa nyuma yake mpaka yameziba nusu ya dirisha. Akausoma mkataba wa kodi, akaugeuza, akausoma tena. Akawaambia mkataba una majina mawili na haukusema nani akae mbele na nani akae nyuma, na kwamba yeye hana haraka ya kuwaamulia mambo ambayo wanaweza kukaa wakayamaliza. Wana siku kumi na nne za kuchagua msuluhishi wanayekubaliana wote wawili. Wakishindwa kumchagua, au msuluhishi akishindwa kuwapatanisha, mlango unapigwa kufuli mpaka kesi yao iishe, na kesi yao itasubiri zamu. Aliposema zamu akaonyesha dirisha kwa kalamu.

Seremala akatazama yale mafaili. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Akapiga hesabu kichwani. Nyumbani kwake kulikuwa na kitanda, jiko na kiti kimoja. Vitu vingine vyote vya maisha yake vilikuwa nyuma ya ule mlango wa bati.

Karani wa mahakama, kijana mpole aliyekuwa anawaita wazee wangu hata walipokuwa wanamuudhi, akawapa orodha ya majina matatu. Akawaeleza kwamba watu wanachagua msuluhishi kwa pupa, wakati ni mtu wa kuchagua kwa makini. Muulizeni amesomea wapi hiyo kazi na ana cheti gani. Muulizeni amesuluhisha migogoro mingapi ya biashara kama yenu. Muulizeni kama anamjua mmoja wenu, maana akiwa na mtu wake hapo hafai. Muulizeni anaendeshaje kikao, na siri zenu anazitunza vipi. Na muende pamoja, asije mmoja akaenda kumnong'oneza. Seremala hakuwa na karatasi, akayaandika yote hayo kwa penseli ya fundi kwenye kipande cha plaiwudi, na kipande hicho akawa anatembea nacho kwapani.

Kwenda pamoja ndiyo ilikuwa kazi. Walikuwa hawasemeshani. Basi walitembea, Seremala upande huu wa barabara, Sponji upande ule, wakifika njia panda wanasubiriana bila kutazamana.

Wa kwanza alikuwa hakimu mstaafu. Mzee mnene, sauti nzito, kwenye kibaraza chake kuna meza kubwa ya mbao ngumu ambayo Seremala aliitambua thamani yake kabla hajaketi. Hawajamaliza hata kujitambulisha, mzee akapiga meza ngumi, akasema mmoja wenu ni mkorofi na nimeshamjua. Seremala akapoa moyo. Akajua aliyekusudiwa ni Sponji, maana mzee alikuwa ameelekea upande ule. Plaiwudi hakuigusa. Hakuuliza cheti, hakuuliza kitu. Akajisemea, huyu ndiye mtu wangu, huyu atamtwanga shemeji mpaka anyooke.

Wa pili alikuwa bwana mmoja wa tai, kijana kijana hivi, ofisi ina kiyoyozi, maji ya kunywa yanatolewa kwenye glasi. Huyu alizungumza taratibu, na kila Sponji akisema kitu yeye anatikisa kichwa kama anasikia muziki. Sponji akajaa tele kwenye kiti. Seremala akaisoma plaiwudi yake, akafika pale pa kuuliza kama anamjua mmoja wao. Bwana wa tai akasema hamjui mtu hapa. Ila walipokuwa wanatoka, akamuuliza Sponji zile kava za viti vya gari langu zitakuwa tayari lini. Seremala akasikia, akaliweka hilo moyoni.

Wa tatu alikuwa mama mmoja ambaye zamani alifanya kazi wodi ya wazazi, akizalisha, na baadaye akarudi darasani kusomea usuluhishi. Watu walimwita Mkunga. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la rangi, chumba kidogo, viti vitatu, saa ya ukutani. Huyu hakusubiri kuulizwa. Akawaonyesha cheti, akawaambia ameshakaa na wapangaji na wenye nyumba, wenye maduka na wauzaji wa jumla, wabia waliogombana, miaka minane sasa. Akasema hamjui yeyote kati yao na hana samani zao. Na mwisho akawaambia neno ambalo liliwaudhi wote wawili kwa mara moja.

"Mimi sitawaamulia. Mtaamua wenyewe, mimi nitawasaidia tu kusikilizana."

Seremala aliposhuka ngazi alikuwa amekasirika. Mtu analipwa, halafu haamui? Ni sawa na kumwita fundi akupigie misumari akakuambia misumari utapiga mwenyewe, yeye atashika taa. Sponji naye upande wa pili wa barabara alikuwa anatikisa kichwa.

Jioni hiyo mdogo wake Seremala akamletea chakula kaka yake, akakaa mlangoni kumtazama akila. Huyu dada alikuwa amechoka. Mume akirudi nyumbani hasemi, kaka akimtembelea hasemi, na yeye katikati kama mfereji, kila mmoja anamwagia. Akamwambia kaka yake kwamba kesho ndiyo siku ya kumi na nne, kesho mnakwenda kwa karani, na mkitoka huko bila jina nitakuja mwenyewe kununua hiyo kufuli, nichague kubwa.

Seremala akalala akiwaza mbinu. Akisema anamtaka hakimu, Sponji atamkataa hakimu kwa sababu tu yeye amemtaka. Hilo lilikuwa wazi. Basi afanye kama anavyofanya ghalani. Ampige hakimu teke, amsifie yule ambaye hakuna mwenye akili timamu angemchukua. Sponji kwa ubishi atakataa sifa hizo, atang'ang'ania hakimu, na yeye Seremala atakubali kwa shingo upande. Akatabasamu gizani.

Asubuhi karani akachukua kalamu, akamwomba mkubwa aanze. Seremala akakunja uso. Akasema yule hakimu kazeeka, anapiga meza hovyo, usingizi unamchukua. Kijana wa tai, akasema huku akimtazama Sponji, ana mambo yake ya magari. Ila yule Mkunga, akasema, yule mama ana utulivu, ana cheti, ni mtu wa maana sana. Akaegemea kiti, akasubiri shemeji yake alipuke.

Sponji hakulipuka. Sponji alikuwa ameona kava za gari zimemharibia, hana namna ya kumtaja bwana wa tai moja kwa moja, basi usiku na yeye alikuwa amepanga mbinu yake ile ile ya dukani. Akakunja uso vile vile. Akasema kijana wa tai ni mtoto mdogo, hafai kabisa. Hakimu ni mzee wa makelele. Kwa kweli, akasema, ukimtoa yule mama sijaona mtu.

Karani akawatazama. Akauliza mara ya pili, wazee wangu, nimesikia vizuri, wote mmemkubali Mkunga? Seremala angeweza kusema hapo hapo kwamba alikuwa anatania. Lakini aseme vipi, mbele ya shemeji, kwamba miaka yote anaongea kinyume na anachokitaka? Akamtazama Sponji, Sponji akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu vumbi lile, macho yao yalikutana. Kila mmoja alimwona mwenzake amenasa.

"Huyo huyo," Seremala akasema kwa sauti ya mgonjwa.

Karani akaandika, akapiga muhuri, akawapongeza. Akasema hajawahi kuona watu waliogombana wakakubaliana haraka namna hiyo.

Kikao kikapangwa Jumanne. Mkunga akawaketisha, akawaeleza taratibu: hakuna kukatana maneno, kinachosemwa mle hakitoki, na atamsikiliza kila mmoja peke yake kwanza. Atakachoambiwa faraghani hatakisema kwa mwenzake mpaka apewe ruhusa. Wakatia sahihi. Sponji akatoka kusubiri kwenye ngazi.

Seremala akabaki na yule mama. Mama akamuuliza swali jepesi tu: wewe unataka nini? Kumbe swali lenyewe ndilo lilikuwa gumu. Seremala kwa miaka thelathini hajawahi kujibu swali hilo kama lilivyo. Mdomo ukajiendea wenyewe kwenye njia yake ya siku zote. Akasema mbele pale, kwa kweli, hapana maana yoyote. Pana jua, pana moshi wa magari, watu wanapita wanasumbua. Yeye wala hapataki. Alisema hivyo ili mama amwonee huruma, amlazimishe kupachukua. Mama akaandika. Akamuuliza, hilo naweza kumwambia mwenzako? Seremala akaona mambo yanakwenda vizuri, akasema mwambie tu.

Akatoka, Sponji akaingia. Wakapishana mlangoni mabega yakagusana. Sponji alikaa mle dakika kumi. Baadaye Mkunga akawaita wote.

Akavaa miwani. Akasema mmenirahisishia kazi, wazee. Wote wawili mmeniruhusu niseme, na wote wawili mmeniambia kitu kimoja, kwamba pale mbele hampataki. Basi hatuna mgogoro. Nitaandika kwamba sehemu ya mbele inarudishwa kwa mwenye nyumba ampangishe mtu mwingine, nanyi mtagawana nyuma. Akafungua kalamu.

Kalamu ikagusa karatasi, ikaandika neno la kwanza, ikaandika la pili. Seremala alikuwa akijiambia ni mchezo wa ghalani tu huu, mwenye ghala hutishia kurudisha ubao ndani. Lakini mama huyu hakuwa na ubao wa kuuza. Hakuwa anapoteza kitu. Aliandika kwa mwandiko mzuri, bila haraka, na sentensi ilikuwa inakaribia nukta.

"Ngoja kwanza, mama," Seremala akasema. "Napataka."

Kalamu ikasimama. Mama akamtazama tu, akingoja aendelee.

"Napataka mbele. Si kwa ajili ya mashine. Tangu mke wangu afariki, mwaka wa nne huu, nyumbani naamka hakuna wa kuniambia umeamkaje. Nikifungua ule mlango, watu wanapita. Wanafunzi, wauza maji, nani, wote wananisalimia. Mpaka saa nne nimeshasalimiwa hata mara hamsini. Nyuma kule kuna ukuta. Ukuta hausalimii mtu."

Akajipangusa uso kwa kiganja kama anafuta vumbi. Aliona aibu. Alitegemea Sponji atacheka. Sponji hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Mimi sioni, shem," Sponji akasema. "Uzi siuoni. Mwaka wa pili sasa. Pale mbele kwenye mwanga nabahatisha, lakini nyuma sitaweza kutunga hata sindano ya gunia. Nikisema kwa watu, nani ataniletea kochi lake?"

Seremala akageuka kumtazama vizuri. Akakumbuka vitambaa vyote vile vinavyopelekwa puani. Huyu mtu hakuwa ananusa. Alikuwa anatafuta rangi.

"Na dada yangu anajua?"

"Ndiye anayenitungia nyuzi za kesho kila siku. Sindano arobaini. Nakuja nazo kwenye kopo."

Mkunga akaikunja ile karatasi ya kwanza, akaiweka pembeni. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, hiyo mashine, na yenyewe inahitaji mwanga? Wakasema hapana. Inahitaji kusalimiwa? Hapo Sponji akacheka kwa pua, na Seremala akajikuta naye anacheka, ingawa alijitahidi asicheke, maana alishaona swali linakokwenda na halikuwa linakwenda pazuri. Lilikuwa linakwenda kwenye zege lake.

Alibisha. Usifikiri alikubali hivi hivi. Alisema bolti zile zimeshika kutu, zege ni la uwiano mzuri, halivunjiki, waya wa umeme hautafika, mashine ile ni nzito kuliko gari dogo. Mama akayaandika yote, moja moja, akamuuliza lipi kati ya hayo haliwezekani na lipi ni kazi tu. Seremala akayatazama. Yote yalikuwa kazi tu. Sponji akasema atashika tindo yeye mwenyewe, maana kupiga zege hakuhitaji macho makali, na atashona pazia la turubai zito, mara mbili, la kutenga nyuma na mbele, vumbi likae na mwenye vumbi. Na mbele wagawane, benchi la Seremala upande mmoja, meza ya Sponji upande wa pili, wote wanatazama barabara.

Mkunga akawasomea makubaliano mara mbili. Seremala akataka asomewe mara ya tatu, akiwa amefumba macho, kama anayesikiliza mashine ina mlio gani. Halafu akatia sahihi. Karatasi ikaenda kwa karani, karani akaipeleka kwa jaji, na faili lao likatoka kwenye lile dirisha.

Zege lilivunjwa siku mbili. Wanaume wanane walikuja kubeba mashine, na ilipofika katikati ya karakana wakaitua, wakasema mgongo una mwisho, watarudi kesho. Hawakurudi kesho. Ikabaki pale katikati kama ng'ombe aliyegoma, Seremala na Sponji wanaizunguka kwenda na kurudi, mmoja akipita mwingine anangoja. Benchi na meza vilikuwa vimeshawekwa mbele. Mdogo mtu akaja na chupa ya chai, akakagua huku na huku, akaona wanasemeshana, akaondoka bila kuuliza, mkono umefunika mdomo.

Asubuhi ya tatu, muuza maji akapita na mkokoteni wake, akainua mkono.

"Habari za kazi, mzee."

"Nzuri," wakajibu wote wawili, sauti moja.

Mkokoteni ukaenda. Seremala akashika msasa, akaupitisha mara moja kwenye mguu wa kiti, akasimama. Akasema, shem, yule alikuwa ananisalimia mimi, miaka yote ananisalimia mimi. Sponji, uzi mdomoni, akasema hata kama haoni vizuri, alisikia mwenyewe sauti imekuja upande wake. Seremala akasema amesema mzee, na mzee hapa ni nani? Sponji akamwambia asubiri, kesho atapita tena, tutamuuliza. Wakaendelea hivyo mpaka saa nne, na salamu nyingine kumi na saba zikapita katikati, wakazijibu zote kwa pamoja.